Mtandao wa ofisi ukisumbua na mwenzako akashukiwa: jinsi ya kutafuta chanzo

Saa nne asubuhi, ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue, Mombasa. Karani wa nyaraka ana faili tatu za kuingiza kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, na ukurasa haufunguki. Mwenzake wa meza ya pili anaufungua bila tabu. Kontena liko Kilindini, na siku za kuhifadhiwa bure zikiisha gharama zinaanza kuhesabiwa. Mwenye kampuni anatoka chumbani kwake na swali moja: "Nani ameshika mtandao?"

Nimeitwa kwenye ofisi ndogo nyingi za namna hiyo, mjini, Shimanzi, Nyali na ng'ambo ya Likoni. Swali hilo ndilo linaloharibu mambo kabla fundi hajafungua begi lake. Mtu akishatajwa, kila kinachotokea baadaye kinabandikwa kwake: waifai ikikatika ni yeye, printa ikikwama ni yeye. Ukweli ukidhihirika kuwa ni kebo iliyoliwa na chumvi ya hewa ya bahari, harudi mtu kumwomba radhi. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunakwenda kwenye chanzo, na jina la mtu linakuja mwisho kabisa, kama litakuja.

Anza na daftari, na saa iliyo sahihi

Kila hitilafu iandikwe: tarehe, saa, kompyuta ipi, skrini ilisema nini, anwani ya IP (nambari ya kompyuta ndani ya mtandao) ilikuwa ipi, na kilichorekebisha ni nini. Andika ulichokiona. "Kebo ya tundu la 7 kwenye swichi ilikuwa nje" ni jambo uliloliona (swichi ni kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao wa ofisi). "Fulani amechomoa kebo" ni dhana, na ikishaingia daftarini haifutiki.

Saa ndiyo inayowaponza wengi. Ruta nyingi huandika kumbukumbu zake kwa saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Kuna ofisi ambayo mlinzi wa usiku nusura afukuzwe kwa sababu kumbukumbu zilionyesha mtu ameingia kwenye mipangilio saa 05:12. Bosi akasoma alfajiri, wakati jengo zima lina mlinzi peke yake. Ukiongeza saa 3 unapata 08:12, yaani saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, ofisi imejaa watu na chai iko mezani. Mlinzi alikuwa ameshapanda matatu kwenda kwake.

Tena ruta ikizimika na isipate intaneti ya kusahihisha saa yake, mara nyingi huanza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Januari 1970, au tarehe iliyowekwa kiwandani. Mistari ya namna hiyo haithibitishi saa ya jambo lolote. Washa NTP, huduma inayosahihisha saa kupitia intaneti, chagua ukanda wa saa wa Nairobi, na kwenye daftari andika saa kwa tarakimu 24 ili "saa mbili" ya Kiswahili isije ikasomwa 02:00.

Dalili: kompyuta hii ina intaneti, ile haina, na kesho zinabadilishana

Hii ndiyo dalili inayoleta ugomvi kuliko zote, kwa kuwa inaonekana kama kuna mtu anachagua nani afanye kazi na nani asifanye.

Nenda kwenye kompyuta inayofanya kazi, fungua dirisha la amri, andika `ipconfig /all`. Nakili mistari mitatu: anwani ya IP, geti (kifaa cha kupitia kwenda intaneti), na seva ya DHCP (kifaa kinachogawa anwani). Fanya hivyo hivyo kwenye kompyuta isiyofanya kazi. Kama ya kwanza inasema geti ni 192.168.0.1 na ya pili inasema 192.168.1.1, umeshapata chanzo. Ndani ya ofisi kuna vifaa viwili vinavyogawa anwani. Kompyuta ikiwaka huuliza mtandao mzima, "Nani atanipa anwani?" na kwa kawaida huchukua jibu la kwanza kufika. Ndiyo maana leo anapona huyu na kesho yule.

Kifaa cha pili hupatikana hivi. Kwenye kompyuta iliyonasa anwani isiyo sahihi, andika `arp -a` usome anwani ya MAC ya geti hilo, yaani nambari ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani. Tarakimu 6 za mwanzo zinakuonyesha mtengenezaji, kwa hiyo utajua kama unatafuta ruta ndogo ya dukani au kitu kingine. Swichi yenye mipangilio itakuambia MAC hiyo iko tundu gani. Swichi ya kawaida haina uwezo huo. Subiri watu watoke, washa `ping -t 192.168.1.1`, amri inayokiita kifaa bila kukoma na kungoja jibu, kwenye kompyuta hiyo hiyo, kisha chomoa kebo moja moja kwenye swichi, ukiiacha ile ya kompyuta unayotumia. Jibu likikoma, kebo uliyoishika ndiyo inayokwenda kwenye kifaa hicho. Ifuate hadi mwisho kwa mkono, hata kama inapita nyuma ya makabati.

Pale Moi Avenue kebo ilinipeleka hadi chini ya meza ya mhasibu. Ni mtu mzima, ofisini pale tangu enzi za faili za karatasi, na kila mtu humwita Ami. Alikuwa na ruta ndogo aliyoinunua kwa pesa zake, kebo ya ukutani imeingizwa kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani, DHCP inafanya kazi kama ilivyotoka kiwandani. Bosi alipoiona alisema maneno mawili tu: "Kikulacho kinguoni." Sikumjibu. Nilichokuwa nacho ni ruta chini ya meza. Sababu ya kuwekwa pale nilikuwa sijaijua.

Nilimwacha Ami amalize kazi ya siku. Kesho yake asubuhi nikamfuata mezani kwake, peke yetu, baada ya mahamri na mbaazi, wala sikusimama juu yake, nilivuta kiti.

"Sabalkheri, Ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Umekuja kwa habari ya kile kidude?"

"Nimekuja unieleze kinakusaidia nini, ili nisije nikakiondoa nikakuumiza."

Akaniambia. Chumba chake kiko nyuma, na jengo ni la zamani, ukuta ni wa mawe ya matumbawe, unene wake unazidi mkono wangu hadi kiwiko. Waifai ya mbele haifiki. Ankara lazima zipite kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kodi. Alikuwa amemwambia kijana wa IT mara tatu, mara ya mwisho kwa maandishi, na karatasi bado anayo. Jibu alilopewa ni kuwa watu wa kizazi chake hawajui kutumia simu zao. Akaenda dukani akajinunulia.

Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la kebo, na linarekebishwa kwa dakika kumi. La pili ni la mtu aliyeomba msaada akadharauliwa, na hilo ndilo lingezaa ruta nyingine mwezi unaofuata kama ningeondoka na hii mfukoni.

Upande wa kebo: kama ruta ya ziada inahitajika kweli, izimwe DHCP, ipewe anwani yake ndani ya mtandao wa ofisi, nje ya fungu linalogawiwa, na kebo ibaki kwenye tundu la LAN. Hapo inakuwa kituo cha waifai tu. Nyingine zina hali ya kituo (access point) ndani ya mipangilio. Ichague hiyo, ni rahisi zaidi. Lililo bora ni kununua kituo cha waifai halisi na kukipandisha darini kwa kebo, kwani mawimbi hayatapenya matumbawe hata ununue ruta yenye pembe nane. Ukipata swichi yenye mipangilio, washa kinga inayokataa majibu ya DHCP kutoka tundu lolote isipokuwa la ruta kuu.

Upande wa mtu: nilimwomba Ami aniruhusu niandike kwenye ripoti kuwa ombi lake lilikuwa la haki na lilikaa bila jibu. Akakubali. Kijana wa IT alisononeka, lakini karatasi ilikuwapo. Nilizungumza naye pia, peke yake, bila kumpigia kelele. Alikuwa analipwa kushughulikia printa na kufuatilia nyaraka bandarini kwa pamoja, wala hakuna aliyewahi kumwambia lipi litangulie.

Sababu nyingine za dalili hii ni nyepesi. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta haikupata jibu lolote; angalia kebo, kisha swichi. Onyo la anwani kugongana mara nyingi linatokana na printa au kamera iliyowekewa anwani ya kudumu ndani ya fungu linalogawiwa na ruta. Ihamishe nje ya fungu.

Dalili: mtandao wote unakufa, na taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja

Kebo moja imeingizwa ncha zote mbili kwenye swichi moja, au swichi mbili zimeunganishwa kwa kebo mbili. Ujumbe unazunguka bila kutoka na unajaza njia. Chomoa kebo za karibuni hadi taa zitulie. Mara nyingi aliyefanya hivyo alikuta kebo inaning'inia akaona aipange vizuri. Mwambie asante, kisha bandika lebo kila ncha. Swichi yenye STP, kinga ya mizunguko kama hiyo, itazuia jambo hilo siku za mbele.

Kama taa zote zimezima kabisa, angalia stima kabla ya kuangalia watu. Birika la chai na swichi kwenye ekstensheni moja ni ajali inayosubiri saa nne. Hewa ya chumvi nayo inakula pini za kebo. Ukiona kebo inafanya kazi ukiishika na inakata ukiiachia, kata kichwa ufunge kipya.

Dalili: kasi inashuka saa zile zile kila siku

Pima kwa mpangilio huu, wala usiruke hatua. Ping ruta yako. Ikijibu polepole kwa kebo, tatizo liko ndani ya ofisi. Ikijibu haraka, ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya ofisi. Ikichelewa hapo, ni laini yako imejaa au ni kampuni ya intaneti. Zote mbili zikiwa sawa na kurasa bado hazifunguki, tazama DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP.

Laini ikiwa imejaa, ruta itakuonyesha kifaa kinachovuta zaidi. Usishangae ukikuta ni kompyuta ya bosi inayopandisha picha na nakala za faili kwenye wingu wakati wa kazi. Ipangie usiku. Hapa nina ombi: angalia kiasi cha data, usichungulie yaliyomo. Kusoma mazungumzo ya mwenzako ili upate la kumshtakia ni jambo baya lenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu ofisi ndogo kama inavyoihusu benki.

Kuna siku chanzo kiko mbali nawe. Mombasa ndipo kebo za baharini zinapotua, TEAMS na SEACOM tangu 2009, lakini kuwa karibu na kebo hakukuponyi ikikatika huko mbele. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku hiyo niliona kijana akikemewa mbele ya wateja kwa kosa lililokuwa chini ya bahari. Kabla ya kukemea, pigia simu ofisi ya jirani inayotumia kampuni nyingine ya intaneti.

Dalili: pasiwadi au mipangilio inabadilika na kila mtu anasema si mimi

Kwanza ondoa vyanzo visivyo na nia. Ruta iliyorudi hali ya kiwandani, jina la waifai limekuwa lile la kwenye boksi, imebonyezwa kitufe cha kuirudisha upya, au imeharibika. Kama ruta ni mali ya kampuni ya intaneti, wanaweza kuwa wameisasisha wakiwa kwao. Waulize, na ombi lako lipe nambari ya kufuatilia. Aliyeacha kazi mwaka jana huenda bado ana pasiwadi kwenye simu yake.

Baada ya hapo tazama chanzo ambacho ofisi nyingi hazitaki kukisikia: watu wanne wanatumia akaunti moja ya msimamizi, na pasiwadi imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Katika hali hiyo hakuna uchunguzi unaowezekana. Huwezi kusema ni nani, na ukimtaja mtu unamsingizia. Badilisha pasiwadi leo, toa akaunti kwa jina la kila mtu aliye na haki ya kuingia, zima usimamizi wa ruta kutoka nje, hifadhi nakala ya mipangilio yenye tarehe, na umwambie kila mtu ofisini kuwa umefanya hivyo. Kusema wazi ni sehemu ya dawa. Ofisi mbili nilizowahi kushughulikia, mabadiliko ya ajabu yalikoma siku hiyo hiyo, na sikuhitaji kujua ni nani.

Mabadiliko yakiendelea chini ya jina la mtu mmoja, sasa una ushahidi. Chapisha kumbukumbu na saa zilizosahihishwa, umpelekee mwenye kampuni. Yeye ndiye atakayemwita, wewe hukuajiriwa kuhukumu. Mwenye kampuni naye ajue kuwa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na amsikilize, kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu. Kuingia au kuvuruga mfumo bila idhini kunaguswa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, vifungu vya 14 na 16. Lakini zingatia neno idhini. Kama hakuna karatasi inayosema nani ameruhusiwa nini, ugomvi utaanzia hapo.

Dalili: mwenzako ndiye mwenye pasiwadi zote na hazitoi

Huyu ni mgumu kuliko mwenye ruta chini ya meza. Hajavunja kitu. Mtandao unakwenda vizuri akiwapo, na akienda mazishi Kwale siku tatu ofisi inasimama. Ukimwomba pasiwadi anasema, "Niulizeni mimi, nipo kila siku."

Nimewasikiliza watu wa namna hii kwa muda mrefu, na wengi wao wanaogopa. Wamejifunza mtandao wenyewe, hawana cheti, na wanaona kijana mwenye cheti anaingia mlangoni. Pasiwadi ndiyo dhamana yao. Ukimnyang'anya kwa nguvu, kama vile kubonyeza kitufe cha kurudisha ruta upya wakati hayupo, utapata ruta na utapoteza kila alichokijua: kamera ya ghala iko anwani gani, kebo ipi inapita chini ya sakafu, kwa nini tundu la 12 halitumiki.

Hapa mwenye kampuni ndiye mwenye kazi, na aseme mwenyewe mambo mawili kwa pamoja: kwamba pasiwadi ni mali ya kampuni kama ufunguo wa ghala, na kwamba kazi ya yule mtu iko pale pale. Akilisema la kwanza bila la pili, hatapewa pasiwadi kamili. Halafu pasiwadi ziandikwe, ziingie kwenye bahasha yenye saini mbili juu ya gundi, bahasha iingie kwenye sefu ya mwenye kampuni. Ikifunguliwa, sababu inaandikwa, pasiwadi zinabadilishwa, inafungwa bahasha mpya. Na yule yule mwenzako apewe kazi ya kuchora ramani ya mtandao, jina lake chini ya mchoro. Nimeona mtu aliyegoma miezi minane akileta mchoro wenye rangi tatu ndani ya wiki moja.

Akikataa hata baada ya kuambiwa na mwenye mali, ruta irudishwe upya, lakini Ijumaa jioni, nyaraka za wiki zimeshaingizwa, na maelezo ya laini kutoka kampuni ya intaneti yakiwa mkononi mwako kabla hujagusa kitufe.

Dalili: maneno yanamfikia bosi kabla yako

"Tangu aje huyu, mtandao umekuwa mbovu." Usiende kujitetea kwa maneno, kwa sababu maneno ndiyo uwanja wa anayeyapeleka. Kila Alhamisi jioni mpelekee mwenye kampuni nusu ukurasa kutoka kwenye daftari: hitilafu ngapi, dakika ngapi ofisi ilisimama, chanzo, kilichofanyika, kinachohitaji pesa. Nakala ibandikwe ofisini, ili hata anayesema maneno aisome. Makosa yako yaandikwe humo pia, kwa kalamu ile ile. Wiki niliyochomoa kebo isiyo sahihi na kuizima printa ya nyaraka kwa dakika 40, iliandikwa hivyo hivyo, na jina langu mbele yake.

Bosi wa Moi Avenue alikuja kuniuliza, mwezi wa pili wa karatasi hizo, kwa nini jina la Ami halionekani tena. Nilimwonyesha mstari wa wiki ya kwanza: ombi la waifai chumba cha nyuma, limekaa bila jibu, limejibiwa. Aliusoma mara mbili, akachukua karatasi yenyewe, akaenda nayo chumba cha nyuma na kufunga mlango.